Mumiani kwenye Njia ya Misafara: Historia ya Hofu kutoka Mvumi hadi Igunga

Oktoba 2017 televisheni ya watoto ya Disney Junior nchini Marekani ilianza kuonyesha katuni ya vichekesho iitwayo Vampirina. Familia ya wanyonya damu inahama Transylvania, inapanga nyumba katika mtaa wa kawaida wa Pennsylvania na kufungua nyumba ya wageni. Majirani wanashtuka kidogo, kisha wanazoea. Binti wa familia ndiye mwenye hofu, kwa maana anaogopa kwamba wanadamu wakijua asili yake watamkimbia. Katika mtaa huo hakuna shingo inayong'atwa wala tone la damu linalomwagika. Tangu Bram Stoker achapishe riwaya yake ya Dracula mwaka 1897, Ulaya na Marekani zimemlea mnyonya damu kwa miaka mia na zaidi, zikamvisha suti, zikamtia kwenye sinema, na sasa zimempa watoto wa chekechea awe rafiki yao.

Mwezi huohuo, kusini mwa Malawi, Umoja wa Mataifa uliwaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe, na serikali ikatangaza marufuku ya kutembea usiku. Makundi ya wananchi yalikuwa yakiwashambulia na kuwaua watu waliodhaniwa kuwa wanyonya damu. Na mwaka mmoja kabla, Oktoba 2016, hapa kwetu, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, wakazi waliwaua watumishi watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, na kuiteketeza gari yao. Watumishi wale walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Palipigwa yowe kwamba ni wanyonya damu, na yowe likatosha.

Ndugu wasomaji, tukio lile lilipotangazwa, wengi wetu wa mijini tulilipa jina moja, ujinga, tukageukia habari nyingine. Mimi naliona neno hilo kuwa la kivivu. Ujinga ni kutokujua, ilhali watu wa Iringa Mvumi walidhani wanajua jambo, na walilijua kwa mpangilio: nani hunyonya damu, huja na chombo gani, humtumikia nani. Maarifa hayo yalikuwa ya uongo na yaliua watu wasio na hatia, lakini yana historia. Sehemu kubwa ya historia hiyo imepita kwenye njia ileile iliyoanzia Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikavuka Ugogo kupitia Mvumi, ikaingia Mgunda Mkali, ikatokea Tura na kuishia Tabora, kabla ya kuendelea hadi Ujiji. Mvumi kilikuwa kituo cha misafara kilichojulikana vyema na wapagazi na wasafiri wa karne ya 19. (Kwamba jina hilo linakaribiana na neno uvumi ni ajali ya matamshi tu, na sitaki kuijengea hoja.)

Tuanze na neno lenyewe. Mumiani si neno la Kibantu. Limetoka Uajemi, ambako mumiyai ni utomvu mweusi wa ardhini, jamii ya lami, uliokuwa dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu ya viungo. Kwa kuwa maiti za kale za Misri zilizokaushwa zilionekana kana kwamba zimepakwa utomvu huo, jina likahamia kwenye maiti, na wafanyabiashara wa dawa wa Ulaya wakauza unga wa maiti za Misri kwa karne kadhaa. Jambo hili husahaulika tunapoambiwa kwamba Mwafrika peke yake ndiye anayeamini mwili wa mtu ni dawa. Mabwana wenye vyeo London na Paris walikunywa unga wa binadamu kwa ushauri wa tabibu.

Katika mwambao wetu mumiani iliuzwa madukani kama dawa ya kupaka au ya kunywa ikiyeyushwa katika samli. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyochapwa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson inaieleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi ukizuka mjini watu huogopa kutoka nje baada ya jua kutua. Si kawaida ya kamusi kueleza hofu ya mji mzima chini ya neno moja. Bila shaka waandishi wake waliona kwamba neno lisingeeleweka bila hofu hiyo.

Hofu hiyo nayo ilikuwa imevuka bahari. William Crooke, mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko India, aliandika katika miaka ya 1890 juu ya imani iliyoenea kaskazini mwa nchi ile kwamba wapo watu wanaokamata vijana, wakawaning'iniza kichwa chini juu ya moto wa polepole, wakapata kutoka kwenye miili yao dawa iitwayo momiai. Sasa ruka miaka sabini na zaidi, uje Mto wa Mbu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani William Arens, aliyefanya utafiti pale mwishoni mwa miaka ya 1960, alisimuliwa kwamba mtu hulevywa, huning'inizwa kichwa chini, hukatwa mshipa wa shingo, na damu yake hukingwa ndooni. Kisha damu hiyo hupelekwa mjini kwa gari la zimamoto, hospitalini hugeuzwa vidonge vyekundu, na vidonge hivyo humezwa na Wazungu ambao bila hivyo hawawezi kuishi Afrika. Kuning'inizwa kichwa chini kumebaki vilevile. Kilichobadilika ni vyombo: penye moto wa polepole sasa kuna ndoo, gari, hospitali na kidonge. Ndivyo uvumi unavyosafiri. Hubeba mifupa yake ya zamani na kuvaa nyama za mahali ulipofika.

Mwanazuoni wa Kiholanzi Peter Pels, aliyefanya utafiti Uluguru, aliifuatilia njia hiyo ya bahari katika makala aliyochapisha mwaka 1992, na mimi naiona hoja yake kuwa na nguvu. Inabaki kueleza kwa nini nchi ya ndani ilikuwa tayari kuipokea habari hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu tangu kabla ya Burton na Speke kufika Kaze, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857. Safari ya kwenda ilichukua miezi mitatu au zaidi. Waliporudi walileta nguo, shanga, bunduki, dini, nyimbo na maneno. Sina hati ya kuthibitisha kwamba neno mumiani lilipanda bara begani mwa mpagazi, na sidai hivyo. Nasema tu kwamba watu wa Unyamwezi walikuwa na sababu zao wenyewe za kudhani kwamba mwili wa binadamu unaweza kuingizwa kwenye mizani. Njia iliyopitisha pembe ilipitisha pia watumwa. Mtu aliyeonekana jioni akichota maji aliweza kukosekana asubuhi, na thamani yake ikawa vitambaa kadhaa mkononi mwa mtu asiyemjua. Hatuhitaji mizimu kueleza hofu ya jamii iliyoishi hivyo kwa vizazi viwili au vitatu.

Kisha utumwa ukapigwa marufuku, na mwili ukaendelea kuchukuliwa kwa njia nyingine. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika hapa, majeshi ya pande zote yalitembea juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu, na walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu. Tabora ilitekwa na Wabelgiji Septemba 1916. Baada ya vita wakaja mawakala wa mashamba. Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa manamba wakuu wa mkonge wa Tanga na Morogoro, na kuanzia 1944 ofisi ya wenye mashamba iliyofahamika kama SILABU iliwakusanya na kuwasafirisha kwa utaratibu. Namba ilichukua nafasi ya jina. Wengine walirudi na baiskeli, wengine walirudi wagonjwa, na wapo ambao hawakurudi.

Katikati ya hayo aliingia daktari, na hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa ndipo damu inapoacha kuwa mfano wa maneno na kuwa damu hasa. Malale yalikuwa janga la kweli. Robert Koch alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 kutafuta tiba, akatumia dawa ya atoksili yenye arseniki, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Nchini kwetu mlipuko wa Maswa mwaka 1922 uliishtua serikali mpya ya Kiingereza, na katika miaka iliyofuata watu wa maeneo mengi ya magharibi, yakiwamo ya Tabora, waliamriwa kuhama vijiji vyao na kukaa katika makazi ya pamoja ili kuwakimbia mbung'o. Kupima malale kulimaanisha kushika shingo ya mtu kutafuta tezi zilizovimba, kuchoma sindano kwenye tezi, kutoboa kidole kupata tone la damu, na pengine kuchoma uti wa mgongo kupata maji yake. Tazama kwa macho ya mkulima: serikali iliyompeleka kaka yako vitani sasa inakupanga foleni, inakushika shingo, inachukua kitu mwilini mwako, inakiweka kwenye kioo, inakwenda nacho, na wiki ijayo inakuamuru uiache nyumba ya baba yako. Daktari alikuwa na sababu njema, na makazi yale yaliokoa maisha mengi. Lakini hakuna aliyeona ulazima wa kueleza damu imekwenda wapi.

Kazi kubwa kuhusu masimulizi haya ni kitabu cha Luise White kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha California mwaka 2000. White alikusanya habari za wanyonya damu kutoka Kenya, Uganda, Zambia na Kongo. Majina yalikuwa mengi: wazimamoto huko Nairobi na Kampala, banyama upande wa Zambia, batumbula Kongo, mumiani na chinjachinja kwetu. Alionyesha kwamba masimulizi hayo yalishikamana kila mahali na vitu vipya vya utawala: sare, gari lisilo na madirisha, mgodi, zahanati, kazi ya mshahara. Zimamoto walihusishwa kwa sababu walikuwa na gari jekundu, walikaa mjini na zana zao, na mara chache mwananchi wa kawaida aliwaona wakizima moto kwake. White anatutaka tusikilize uvumi kama ushahidi wa jinsi watu walivyoyaona maisha yao chini ya ukoloni, hata kama tukio linalosimuliwa halikutokea.

Nimewafundisha wanafunzi kitabu hicho na nitaendelea, lakini kuna mahali namwacha White na wengi waliomfuata. Mtu akikaa na hoja hiyo muda mrefu huanza kuupenda uvumi. Huuona kama mashairi ya wanyonge, yanayosema kwa fumbo kile ambacho risala haikuweza kusema. Tatizo ni kwamba fumbo hili huua, na walio juu hawaguswi nalo. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizaa fujo ambazo mwanahistoria James Brennan amezichambua kwa makini, na aliyekufa hakuwa gavana bali askari polisi. Mwaka 2016 hawakufa walioandika sera ya kilimo. Walikufa dereva na watafiti waliokuwa wameinama wakichota udongo. Waliouawa Iringa Mvumi hawakuwa mfano wa kitu chochote. Walikuwa wafanyakazi wa umma wenye familia.

Lugha ya siasa yetu nayo imechota kwenye kisima hikihiki. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipolaani unyonyaji, lilitumia neno ambalo kila mzee wa kijijini alilielewa mwilini. Mnyonyaji ni anayenyonya. Magazeti ya wakati ule yakamchora kupe aliyevimba, na majukwaani tukahimizwa kukata mirija. Karl Marx naye alikuwa ameifananisha rasilimali na mnyonya damu katika Kapitali, mwaka 1867, kwa hiyo wasomi wa TANU walikuwa na jamaa huko Ulaya. Nadhani, hata hivyo, kwamba nguvu ya neno unyonyaji nchini kwetu ilitoka kwa mumiani zaidi ya ilivyotoka kwa Marx. Chama kiliichukua hofu ya zamani, kikaielekeza kwa mabepari, na kwa miaka kadhaa ilifanya kazi yake. Kisha mirija ikaacha kutajwa majukwaani. Hofu haikuisha kwa sababu hiyo. Ilirudi kijijini ikiwa haina anwani.

Hapo ndipo ninapoiona Igunga. Wilaya hii, iliyokatwa kutoka Nzega, iko kando ya mbuga ya Wembere, penye pamba, ng'ombe, na barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Wanyamwezi, Wasukuma, Wanyiramba na Wataturu wanaishi humo bega kwa bega. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi na polisi hawaonekani, vijiji vya Kahama, Nzega, Igunga na Shinyanga viliunda sungusungu. Mwanaanthropolojia Ray Abrahams, aliyewafahamu Wanyamwezi tangu kabla ya Uhuru, ameandika jinsi walinzi hao walivyotumia mwano, yaani yowe la hatari ambalo kila mwanamume anayelisikia analazimika kuliitikia. Mwano ni taasisi nzuri. Katika nchi ambayo kituo cha polisi kiko mbali na simu zilikuwa hazijafika, ndio uliokuwa ulinzi wa maskini, na vijiji vingi vilipata usingizi kwa sababu yake.

Lakini mwano una kasoro moja, nayo ni kwamba hauulizi. Anayekuja mbio na rungu hajui nani amepiga yowe wala kwa nini, na akisimama kuuliza ataonekana mwoga au msaliti. Yowe lililowafikisha watu kwa mwizi wa ng'ombe linaweza kuwafikisha kwa mtafiti wa udongo. Ukanda wetu umewahi kuona jambo hilohilo likielekezwa kwa vikongwe, ambao macho yao yaliyoiva kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe yalisomwa kuwa alama ya uchawi. Na tangu karibu 2007 tumeona kinyume cha hofu ya mumiani, ambacho ni kibaya zaidi kwa kuwa ni cha kweli: watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa ajili ya wateja wa waganga. Mwili wa binadamu uliingia sokoni kwa hakika, na Mkoa wa Tabora haukusalimika. Anayemwambia mkulima wa Igunga kwamba habari za kuuza viungo vya watu ni hadithi za kale, anamwambia jambo ambalo mkulima huyo amelisikia redioni kwamba si kweli.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina neno la kazi. Taarifa rasmi baada ya matukio kama lile la Chamwino huwa na sehemu mbili: kulaani, na kuwataka wananchi wasijichukulie sheria mkononi. Zote mbili ni lazima, na waliohusika na mauaji wanapaswa kushtakiwa bila huruma ya kitaaluma. Lakini jiulize kijiji kinaionaje serikali kwa kawaida. Gari lenye namba za serikali linapita kwa kasi. Wageni wanashuka, wanapima, wanachota, wanaandika, wanaondoka. Je, matokeo ya vipimo vya udongo, maji au damu yamewahi kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji? Mtendaji wa kijiji anaweza kutaja utafiti mmoja ambao majibu yake yalirudi? Barua ya utambulisho iliyogongwa muhuri wilayani inamtuliza mkuu wa wilaya. Haimtulizi mama aliye shambani peke yake na watoto, ambaye hajaiona.

Mfano ulio karibu zaidi na damu yenyewe upo Tabora mjini. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, una kituo cha Kanda ya Magharibi palepale mwisho wa ile njia ya misafara. Watumishi wake huenda shuleni na vyuoni, hueleza, hupima, huwapa vijana soda, nao vijana hunyoosha mikono yao wenyewe. Wazee ambao baba zao walitobolewa vidole kwa amri ya Mwingereza wana wajukuu wanaotoa damu kwa hiari. Sijui ushindi mwingine dhidi ya mumiani unaolingana na huo, na ulipatikana bila kumwita mtu yeyote mjinga. Unaharibika kila mara ndugu wa mgonjwa anapodaiwa fedha kwa chupa ya damu ambayo sheria inasema haiuzwi. Mhudumu anayeomba fedha ile huenda anadhani anajipatia nauli tu. Kwenye benchi la nje, aliyeombwa anasikia kwamba damu ina bei, na jioni atalisimulia hilo kijijini.

Wanafunzi wameniuliza waanzie wapi iwapo wanataka kuiandika historia hii kwa upande wa Unyamwezi. Waanze nyumbani. Mwalimu wa historia wa sekondari yoyote ya Igunga, Nzega au Sikonge anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa babu na bibi zao na maswali matatu: ulipokuwa mtoto mlikatazwa kutoka nje saa ngapi, mliambiwa nani atawakamata, na alikuwa akija na gari la rangi gani. Majibu yaandikwe kwa lugha yaliyosemewa, Kinyamwezi, Kisukuma au Kiswahili, pamoja na jina la kijiji na mwaka wa kuzaliwa wa msimulizi. Daftari moja litoshe kuanzia, na lifanywe mwaka huu, maana waliokuwa watoto SILABU ilipoanza wamekwisha kupita miaka themanini.